Glavu za Mkamwana

Mume wangu na mke wa mwana wetu hawakuwa wamewahi kushikana mikono. Si kwamba walikosana. Kwetu magharibi baba mkwe na mkamwana hawagusani, basi. Mkamwana haketi kwenye kiti cha mzee, haingii chumba chake cha kulala, hampi kitu mkononi. Akileta chai anaiweka juu ya stuli, anarudi nyuma, ndipo mzee anaichukua. Akimsalimu anasimama mlangoni, na mzee anamjibu akiangalia kalenda ukutani. Watu wa mjini wakiona hivyo wanafikiri kuna uhasama nyumbani. Hakuna. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mume wangu alimheshimu yule msichana kuliko alivyomheshimu mtoto wake wa kumzaa.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hutaelewa jinsi glavu, kitu cha kumlinda mgonjwa, zilivyotaka kumkosesha mume wangu mguu.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la tatu nikatolewa kulea watoto wa watu. Nilipokuja Nairobi nilimenya viazi kwenye kibanda cha mtu pale Kenyatta Market, nikamenya mpaka nikawa na jiko langu, meza zangu, na wateja wanaotoka maofisini Hurlingham kuja kula mbuzi wangu na kunisalimu kama chifu. Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba. Kuna maghorofa huko Hurlingham ambayo ukifungua mfereji, maji yanapita alipoyapitisha yeye. Tulinunua ploti Kinoo, tukajenga nyumba yetu na vyumba vya kupangisha, jiwe juu ya jiwe, hakuna aliyetushika mkono. Kama hayo ni majivuno, basi nimeyafanyia kazi.

Ugonjwa wa sukari ulimwingia polepole, akaudharau. Siku moja alifanya kazi kutwa akiwa amevaa gambuti, na ndani ya gambuti la kushoto kulikuwa na nati ndogo ya bomba. Hakuisikia. Sukari ilikuwa imekula hisia zote za unyayo. Jioni alipovua soksi niliona damu, na yeye akaiangalia kama damu ya mtu mwingine. Tukakitibu kidonda, kikakataa kufunga. Kabla hakijafunga, stroki ikampiga upande ule ule wa kushoto.

Alipotoka hospitali hakuwa anajigeuza kitandani. Alikuwa na mpira wa mkojo, na kidonda chake kwenye unyayo kilitaka kuoshwa na kufungwa kila siku. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alituambia tukiwa tunaondoka:

"Mama, hiki kidonda kikiingia uchafu tena, hatutaosha. Tutakata." Akaonyesha chini ya goti kwa kalamu.

Mume wangu alisikia. Njia yote ya kurudi Kinoo alisema neno moja tu. "Wakinikata huo mguu, nizikeni kesho yake."

Mtu ambaye hajafanya kazi ya kupanda na kushuka ngazi maisha yake yote hawezi kuelewa maneno hayo. Mimi nilielewa. Nikaapa kimoyomoyo kwamba huo mguu hautakatwa.

Tulipata mhudumu wa kiume, mpole, mwenye nguvu za kumwinua mzee kama gunia la pamba. Lakini watu wazuri hawakai. Alipata kazi ng'ambo, akatuaga vizuri, akaenda. Mwana wetu anashinda kazini, nikajaribu mwenyewe. Mgongo wangu mimi niliuacha kwenye magunia ya viazi zamani. Asubuhi ya kwanza nilimgeuza, asubuhi ya pili tulikuwa wagonjwa wawili nyumba moja.

Na kumbe mtu alikuwepo. Mkamwana wangu kazi yake ndiyo hiyo hiyo, kutunza wagonjwa majumbani. Alifundishwa, ana cheti. Alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee kwenye ghorofa huko Hurlingham, yule bibi akafariki, naye akawa yuko tu nyumbani akingoja kuitwa kwingine. Akaniambia mwenyewe, "Mama, nitamhudumia Baba." Nikamwambia, "Wewe unataka, mimi nataka. Sasa ngoja tumsikie mwenye mguu."

Nikaingia chumbani.

"Kuna mtu wa kukugeuza," nikamwambia.

"Mtu gani?"

"Mke wa mwanao."

Alinyamaza mpaka nikafikiri stroki imerudi. Kisha akasema, "Mama, umechoka na mimi ukaona uniue na aibu?"

"Nimechoka na mgongo, si na wewe."

"Aniogeshe? Aone uchi wangu? Halafu Krismasi tukae meza moja tukipitishiana chumvi?"

"Krismasi utakuwa na mguu ama hutakuwa nao. Chagua."

"Toka, bana. Enda kwa mbuzi zako."

Nikatoka. Nilimkuta msichana jikoni, nikamwambia mzee amekataa. Hakushangaa. Alikuwa amesikia kila neno, maana ukuta wetu si mnene hivyo. Akasema, "Niachie mimi, Mama."

Kesho yake alikuja na mkoba wake wa kazi. Akasimama kwenye korido, akanawa mikono mpaka viwiko, akaanza kuvaa. Alivaa joho lile jepesi la mikono mirefu, juu yake aproni ya plastiki. Alifunika nywele kwa kofia. Alivaa barakoa, akavaa miwani ya kazi. Mwisho akavaa glavu, akazivuta zikapanda juu ya mikono ya joho, pasibaki ngozi. Nilimwangalia nikajiambia, huyu hata mama yake mzazi akikutana naye sokoni atampita. Akabisha mlango.

"Hodi."

"Nani?"

"Mhudumu, Mzee. Nimetumwa na ofisi."

Mume wangu si mjinga. Sauti hiyo ameisikia ikitoka mlangoni kwake miaka yote ya ndoa ya mwanawe.

"Ofisi gani?"

"Ofisi ya jikoni."

Niliuma leso nisicheke.

"Huyo mhudumu," mzee akasema polepole, kama hakimu, "mikono yake iko wapi?"

Msichana akafungua mlango kidogo, akainua mikono yote miwili. "Imefunikwa, Mzee."

"Ngozi haionekani?"

"Haionekani hata kidogo."

"Basi mhudumu aingie."

Ndivyo walivyopatana, bila mkutano na bila wazee. Ndani ya kile chumba hakukuwa na mkamwana. Kulikuwa na mhudumu. Alimwosha, akamgeuza, akamwaga mkojo, akafunga kidonda. Akimaliza anatoka, anavua vitu vyake kwenye korido, anatupa vya kutupa, ananawa. Halafu anarudi mlangoni na nguo zake za kawaida, anasimama pale pale pa siku zote, anasema, "Baba, umeamkaje?" Na mume wangu, aliyekuwa ameogeshwa na mtu huyo huyo kabla chai haijapoa, anatazama kalenda, anajibu, "Tumeamka salama, mama. Watoto hawajambo?"

Nimeona mengi Nairobi. Sijaona mchezo mzuri kuliko ule, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kucheka.

Siku za kwanza mzee aliuliza juu ya barakoa. "Kwani nanuka?"

"Hunuki, Mzee. Hii si ya kunikinga mimi na wewe. Mtoto wangu ana mafua, nisikuletee. Wewe ndiye unakingwa na mimi."

Hilo lilimpendeza sana. Akawa anawaambia hata wapangaji waliokuja kumjulia hali dirishani: mimi nakingwa.

Lakini hapo kwenye glavu pakawa na shida. Msichana alinieleza jikoni, na mimi nikaelewa upesi kwa sababu kibandani kwangu anayekata nyama mbichi hashiki iliyoiva. Glavu si nguo ya kushinda nayo. Ni ya kazi moja. Ukishamwaga mkojo, unaivua ukiigeuza ndani nje, unaitupa, unanawa mikono mitupu kwa sabuni, unavaa nyingine, ndipo unagusa kidonda. Usiponawa mikono katikati, glavu ni ya bure. Viini havijui kama vimepanda ngozi au mpira.

Basi mara ya kwanza alipovua glavu ndani ya chumba, mume wangu alipiga kelele kama ameona nyoka.

"Mkono! Mkono uko nje!"

"Pole, Mzee."

"Funika huo mkono!"

Ikabidi kila akitaka kubadilisha, atoke, aende mpaka sinki la mwisho wa korido, anawe, avae, arudi. Na mzee amelala ubavu, mgongo wazi, anangoja. "Mhudumu!" analalamika. "Umeniacha hapa kama samaki wa sokoni!" Naye anajibu kutoka kwenye sinki, "Nakuja, Mzee, samaki haogi haraka." Kazi ilikuwa ndefu, lakini ilikwenda. Kidonda kilianza kuwa chekundu kizuri, kama fizi za mtoto.

Ndipo shemeji akaja.

Huyo ni kaka mkubwa wa mume wangu, anakaa nyumbani kwetu magharibi. Alikuja na kuku wawili, maharagwe, na machozi. Nisimseme vibaya. Alimpenda mdogo wake. Alikaa kando ya kitanda akamshika mkono ule uliolala, akamsimulia habari za kila ng'ombe na kila jirani. Alipomwona mkamwana anaingia amefunikwa hivyo, alishtuka, na alipoelezwa, akafurahi. "Huyu msichana amelelewa," akasema. "Hata huku mjini hajasahau."

Lakini shemeji ni mtu wa kuchunguza. Alichukua glavu moja kwenye boksi, akajivika, akamshika mdogo wake bega.

"Unasikia joto la mkono wangu?"

"Nasikia."

"Basi hii si kitu. Hii ni ngozi iliyopakwa rangi ya buluu."

Mume wangu akanitazama. Niliona lile wazo likimwingia na kukaa.

Kesho yake shemeji aliteremka mjini. Alirudi mchana, amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi, na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na glavu za mpira za manjano, nene, ndefu mpaka kiwiko, zile za kuoshea sufuria. Jozi moja. Akatangaza sheria: mhudumu ataingia amevaa hizi, atatoka amevaa hizi. Katikati asivue. Hii ya kuvua na kuvaa, kuvua na kuvaa, alisema, ndiyo inayofanya mkono mtupu wa mkamwana uzunguke nyumba ya baba mkwe siku nzima kama kuku.

Msichana alisema kwa heshima, macho chini, "Baba, hizi ni za vyombo."

"Basi mwoshe kama sahani ya wageni," shemeji akasema, na mume wangu akacheka, kicheko cha kwanza kikubwa tangu hospitali.

Nikasema, "Shemeji, huyu ana cheti cha hiyo kazi."

"Cheti ni cha serikali, shemeji. Mwiko ni wa kwetu."

Na mzee alikubaliana naye kwa moyo wote, kwa sababu mbili. Heshima yake ilikuwa imeongezwa unene, na hataachwa tena kama samaki. Akasema bila hizo za manjano mhudumu asiingie. Mnajua mgonjwa akikataa mlango, hakuna cheti kinachoufungua.

Msichana alijaribu. Alivaa zile nyembamba ndani na zile nene juu. Kati ya mkojo na kidonda alizisugua zile nene kwa sabuni na maji ya klorini kwenye beseni, pale pale chumbani. Lakini vidole vilikuwa kama ndizi. Shashi ilimponyoka, ikaanguka, akachukua nyingine. Alizigusa ncha za bendeji bila kujua amezishika au hajazishika. Maji yalibaki kwenye mikunjo ya ule mpira, na ndani ya vidole, hayakauki. Nilikuwa nikipita mlangoni namwona jasho likimtiririka chini ya miwani.

Sikumbuki ilichukua muda gani. Haukuwa mrefu. Asubuhi moja alinikuta jikoni nikifunga vitu vya kupeleka kibandani. Alikuwa bado na barakoa, ameishusha kidevuni.

"Mama, kidonda kimebadilika harufu."

Nikaacha kufunga.

"Kingo zimekuwa nyeupe," akasema. "Na kuna usaha kidogo, upande wa kidole kidogo."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia nataka kuvua hizi za manjano. Amesema nikivua nitoke, nisirudi." Akafuta macho kwa bega, maana mikono ilikuwa bado haijaoshwa. "Kazini mgonjwa akinikatalia hivi, napigia ofisi simu. Hapa ofisi ni nani?"

"Ofisi ni mimi," nikasema.

Nikaingia chumbani na aproni yangu ya jikoni. Shemeji alikuwa anakula ugali wa asubuhi na mboga za jana, sahani juu ya magoti. Mume wangu ameegemezwa mito. Sikusalimu.

"Baba watoto," nikasema, "bomba la maji ya kunywa na bomba la maji ya choo, unayalaza mtaro mmoja?"

"Kwani umekuja kujenga?"

"Nakuuliza kitu. Jibu."

Alikunja uso. Lakini ukimuuliza fundi habari za kazi yake, hawezi kunyamaza, hata akiwa anakufa. "Hapana. La maji safi linakaa juu, na linakaa mbali. Ukiyalaza pamoja, lile chafu likitoboka..."

Akaacha.

"Malizia. Likitoboka?"

"Watu wanakunywa mavi."

Shemeji akaweka sahani chini.

"Basi mguu wako unakunywa," nikamwambia. "Hiyo glavu moja inashika mfuko wa mkojo, inashika kidonda. Inakufuta huko nyuma, inashika kidonda. Umelaza mtaro mmoja. Na sasa unanuka, kama hujui. Msichana amekuogopa kukwambia unanuka. Mimi sikuogopi."

Shemeji akasema, si kwa ukali, kama mtu anayetafuta pa kushika, "Lakini si anaziosha na klorini? Nimemwona mwenyewe."

Na aliyemjibu hakuwa mimi. Alikuwa mume wangu.

"Kaka, nikikung'olea bomba la choo, nilioshe na klorini, nikuunganishie jikoni. Utakunywa?"

Shemeji alitazama mikono yake. Kisha akaanza kulia, na hapo nilijuta ukali wangu kidogo, kidogo tu.

"Sikuja kukuua, ndugu yangu," akasema. "Nilikuja uuguzwe na heshima zako. Watu nyumbani wanauliza, nani anamwogesha? Nikasema nitakwenda nione. Nilitaka nirudi niwaambie, kila kitu kiko kama inavyotakiwa."

"Najua," mume wangu akasema.

"Tungekuwa nyumbani tungefungua mkono. Tungetoa zawadi, naye mkamwana atoe, mshikane mbele ya watu, mambo yaishe. Lakini hiyo haifanyiki hapa Kinoo juu ya kitanda cha mgonjwa. Inafanyiwa kwenye boma."

"Na mimi kufika boma siwezi."

"Huwezi."

Walikaa wazee wawili wakilitafakari lile jambo, na msichana yuko mlangoni na zile glavu za manjano, ameziinua mbele yake kama mtu aliyekamatwa. Nilitaka kusema kitu. Kwa mara moja maishani nikajizuia, na nashukuru, kwa sababu mume wangu alipata njia ambayo mimi nisingeipata.

"Taulo," akasema.

"Taulo la nini?"

"Lile dogo. Nipe." Nikampa. Akaliweka usoni kwa mkono wake mzima, akafunika macho na pua, akabaki kidevu. Akasema kutoka chini yake, "Kwa nini ajifunike yeye? Mwenye mwiko ni mimi. Nitajifunika mimi. Mhudumu, tupa hizo za sufuria. Leta beseni lako hapa ndani, nawa unavyofundishwa kunawa. Mimi sioni mkono wa mtu."

Shemeji alifikiri. "Kuona hajaona," akasema mwishowe. "Na kugusa?"

"Anapogusa ana glavu, Baba," msichana akasema. "Mkono ukiwa mtupu unagusa sabuni na maji peke yake."

"Hata zile nyembamba zinakinga?"

"Hata zile nyembamba."

Shemeji akashusha pumzi. "Basi sioni tatizo." Na zile za manjano alirudi nazo nyumbani. Nasikia anazivaa akiosha ng'ombe dawa ya kupe, na zinamfaa sana.

Tukaweka beseni na jagi karibu na mlango, sabuni, karatasi za kupangusia, na ndoo yenye kifuniko ya kutupia. Kuanzia siku hiyo mazungumzo yalitoka chini ya taulo.

"Mhudumu amemaliza?"

"Bado, Mzee. Naosha vidole gumba."

"Vidole gumba vina uchafu gani maalum?"

"Ndivyo watu wanavisahau."

"Mimi nilikuwa nanawa na mafuta ya taa na nikaishi."

"Ulikuwa na miguu miwili mizima pia, Mzee."

"Huyu mhudumu ana mdomo. Nitaandikia ofisi yake."

Lakini usaha ulikuwa umeshaingia, na taulo halitoi usaha. Tukampeleka kliniki. Nilikaa kwenye benchi nje, msichana kando yangu. Nilikuwa nikiangalia kila mtu anayetoka kwa kiti cha magurudumu, nahesabu miguu yake. Mlango ulipofunguliwa, yule daktari kijana akatuita ndani. Kidonda kilikuwa wazi mezani, kimeoshwa, sijawahi kuona nyama ya mtu wangu hivyo, mimi ninayekata nyama kila siku.

"Kidole kidogo sitakiokoa," akasema. "Kimekufa. Lakini juu yake nyama ni nzuri, inatoa damu. Mngechelewa wiki nyingine tungekuwa tunaongea habari za goti."

Nilitaka kukaa chini na hakukuwa na kiti.

"Chukua kidole," mume wangu akamwambia. "Ninavyo vingine tisa."

Kidole kikaenda. Mguu ukabaki. Miezi ikapita ya shashi, dawa, taulo na beseni, na msichana hakuacha kunawa hata siku moja, hata siku maji yalipokatika Kinoo nzima na ikabidi nilete madumu ya maji kwa mkokoteni. Kidonda kilifunga kutoka chini kupanda juu, polepole, kama unavyojaza shimo la ukuta. Mpira wa mkojo ukatolewa. Upande wa kushoto ukaanza kusikia. Mtu wa mazoezi alikuja akasema sasa lazima asimame, kila siku, na kuwe na mtu wa kumshika.

Mimi mgongo, mnajua. Mwana wetu yuko kazini kutwa. Siku hiyo msichana akabisha mlango, akaingia na gauni lake la kawaida. Hakuwa na joho, wala barakoa, wala glavu. Mume wangu akaanza kupapasa taulo.

"Mhudumu hajavaa!"

"Leo sivai, Mzee. Hakuna kidonda, hakuna damu, hakuna mkojo. Nimenawa, inatosha. Nikivaa glavu kukusimamisha nitateleza nikuangushe, halafu tuanze upya."

"Unishike na mikono hiyo?"

"Sikushiki wewe. Nashika hii."

Akamwonyesha mshipi mpana wa turubai, wenye vishikio pembeni, ambao wenzake hutumia kuinulia watu. Nilimfunga mwenyewe kiunoni, juu ya shati. Mzee akausogeza kwa vidole, akavuta kishikio kimoja, akakagua mshono kama alivyokuwa akikagua kazi ya vijana aliowafundisha mabomba. "Uzi ni mzuri," akasema, kwa uchungu, kama mtu aliyetamani uwe mbaya. Msichana akashika vishikio viwili. Ngumi zake zilikuwa karibu kabisa na mbavu za mzee, pamebaki nafasi ya karatasi.

"Uzito mguu wa kulia. Inuka, Mzee."

Akainuka. Akayumba, akamtukana mtu asiyekuwepo, akasimama.

"Sasa wa kushoto. Uweke chini taratibu."

Aliuweka. Ule mguu wa kalamu ya daktari, wenye vidole vinne na kovu jipya la pinki, ukagusa saruji, ukatetemeka, ukabeba. Nilisikia pumzi yake ikitoka. Wakaenda hivyo, yeye mbele na msichana nyuma akiushikilia mshipi, wakivutana na kugombana, mpaka dirishani. Akashika vyuma vya dirisha kwa mkono wa kulia.

Huko nje mpangaji mmoja alikuwa akifua nguo chini ya mfereji wa ua.

"Wewe!" mume wangu akaita. "Funga huo mfereji vizuri, unavuja!"

Yule mama alishtuka, akatazama juu, akamwona aliyeita amesimama kwa miguu yake. Akausahau mfereji, akaanza kupiga vigelegele, na maji yakaendelea kumwagika.

"Funga kwanza!" mzee akafoka. "Funga, ndipo ushangilie!"

Na msichana nyuma yake alikuwa ameukaza mshipi kwa mikono miwili, vifundo vyote vimekuwa vyeupe.